Masaa Mawili na Dakika Tano

Na hilo la masaa mawili ndilo sitaki kulisikia tena. Nimeshawaambia wote pale kwenye maegesho ya Bolonya, wakubwa kwa wadogo: atakayefungua simu mbele yangu anionyeshe eti Bolonya ya Italia mpaka Kishinau kwetu Moldova ni kilomita elfu moja mia tatu tisini, ndege masaa mawili na dakika tano, mzigo wake naushusha hapo hapo, na mitungi yake ya achari aibebe kichwani. Sitanii. Muulizeni yule mama wa mji wa Orhei.

"We Nistor una wivu tu," wananiambia. "Ndege inakunyang'anya abiria."

Wivu gani? Mimi naendesha basi dogo, Moldova na Italia, Italia na Moldova, kila wiki. Kwenda nabeba jibini la kondoo na kokwa za jozi na vinywaji vya wazee, kurudi nabeba kahawa, sabuni za unga, viti vya magurudumu, na mama za watu. Ndege ichukue abiria wote, sawa, jibini halilalamiki kwamba miguu imevimba. Ninachokataa mimi ni ule uongo. Masaa mawili ni ya ndege. Siyo ya mtu. Mtu hatoki uwanja wa ndege akaingia uwanja wa ndege. Mtu anatoka kwenye mlango anakwenda kwenye geti, na katikati hapo kuna mambo.

Mimi nayajua kwa sababu ya mama yangu.

Anaitwa Tudora. Ana miaka hamsini na tatu. Kijijini kwetu Valea Pelinului alikuwa mpishi wa shule ya chekechea mpaka watoto wakaisha. Hawakufa, wazazi wao waliondoka wakawavuta mmoja mmoja, mwishoni mama akawa anapikia watoto wanne na mlinzi. Chekechea ikafungwa. Baba alikuwa Mosko akijenga nyumba za watu. Akajenga na ya mwanamke mmoja wa huko, ikampendeza, akahamia. Basi. Mimi nilikuwa na miaka sita.

Wakati ule hakukuwa na ndege kwa watu kama sisi. Safari ya kwanza ya mama kwenda Italia ilichukua siku kumi na moja. Siku tatu ndani ya lori la vitunguu. Mbili kwenye banda la kuku Hungaria, kuku wenyewe wakiwemo. Halafu msituni kwa miguu nyuma ya jamaa mmoja aliyesema anaijua njia, kumbe anaijua kama mimi ninavyoijua Biblia. Mama alifika Italia na kiatu kimoja. Kile kiatu bibi yangu alikitaja mpaka mwisho wa maisha yake.

Miaka mitano mama hakurudi. Hakuwa na karatasi, angetoka asingeingia tena. Kila Jumapili alipiga simu akilia: "Niko mbali, mwanangu, niko mbali." Na kwa sababu alijua yuko mbali, kila kitu alikifanya mapema. Zawadi ya Krismasi ilinifikia Oktoba. Viatu vya shule vilikuja Juni, Septemba ikifika mguu umekua, haviingii, nalia mimi, analia yeye. Lakini vilikuwepo! Viko pale, vipya, vinang'aa, kabla ya wakati.

Halafu karatasi zikapatikana, sharti la visa likafutwa, ndege zikaanza. Mtu mmoja akamwonyesha kwenye simu ule upuuzi. Mama akauandika kwa kalamu nyekundu, akaubandika kwenye friji ya sinyora Iole, bibi wa Kitaliano wa miaka tisini na moja ambaye mama analipwa kumtunza: BOLONYA–KISHINAU, KM 1390, MASAA 2 DAK 5. Aliubandika chini ya sumaku ya samaki. Kila akifungua friji kutoa maziwa anausoma. Kuanzia siku ile mama yangu hakuwa mbali tena. Na kuanzia siku ile akaanza kuchelewa.

Nilipokwenda jeshini: "Nitakuja kukuaga, ni masaa mawili tu." Hakuja. Nilipovunjika mguu: "Usijali, nikiona imezidi naruka, ni masaa mawili." Mguu ukapona. Mavuno ya zabibu, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu: nitakuja, nitakuja, nitakuja. Kitu kilicho karibu hakikimbiliwi. Choo cha ndani nani anakikimbilia?

Siku moja nilimpigia hesabu, tumesimama mbele ya friji ile ile. Nikamwambia, mama, ndege yenyewe ni mara mbili kwa wiki. Kabla ya kuondoka lazima upate wa kukushikia kazi, huyo peke yake siku mbili. Kisha basi la kwenda uwanjani. Kisha foleni, vua mkanda, vua viatu. Hewani saa moja unaitupa, maana kwetu saa ziko mbele. Kishinau unasubiri kibasi kijae ndipo kiondoke, kilomita tisini, na kutoka njia panda mpaka nyumbani unatembea kwenye tope. Kutoka mlango wa sinyora mpaka geti letu ni masaa kumi na moja, mambo yakienda vizuri!

Akanijibu: "Lakini hewani ni mawili."

Hewani! Hewani anaishi nani?

Sasa, bibi. Mama yake mama. Eufrosina, kijiji kizima kilimwita Frosa, miaka themanini na sita. Yeye ndiye aliyenilea, kwa ugali wa mahindi, jibini na makofi. Huyo hakudanganywa na friji. Kuna mwaka alimpigia simu mama: "Tudora, nakufa. Ukija, njoo. Usipokuja, kaa." Mama akaacha kila kitu, akapanda ndege akilia mpaka abiria wa pembeni akahamishwa kiti. Anafika nyumbani, anamkuta bibi juu ya ngazi, anachuma cheri.

"Mama! Si ulisema unakufa?"

"Nimeahirisha," bibi akasema, hata hakugeuka. "Shika ndoo."

Wiki ile walikosana na kupatana mara tano kwa siku. Mama alivyorudi Italia alikuwa amenenepa.

Kwetu, mjue, mtu hafi hivi hivi. Anakufa na mshumaa unawaka mkononi, na anayemshikia awe mtoto wake. Na mshumaa wenyewe si wa dukani, ni ule ulioushika kanisani usiku wa Pasaka, ukauzima ungali mrefu, ukaufunga kwenye kitambaa. Asiye na mshumaa anaondoka gizani. Kijijini kwetu ukitaka ugomvi wa kweli humtukani mtu mama yake, unamwambia "ufe bila mshumaa," na hapo hata polisi hawaamui mpaka mchoke wenyewe.

Wazee wote wanauficha sandukuni pamoja na nguo za kuzikiwa. Bibi yangu peke yake, mjanja kuliko shetani, Pasaka yake ya mwisho, mama alipokuja, aliutoa sandukuni akampa siku ya kuondoka.

"Kaa nao wewe."

"Mama, nikae nao Italia wa nini? Huko hauna kazi."

"Ndiyo hivyo. Hauna kazi huko. Kwa hiyo itabidi uje nao."

Mama akautia kwenye mkoba. Tangu siku ile akienda sokoni anao, akienda kanisani anao, akimpeleka sinyora kwa daktari anao.

Ikaja Novemba. Bibi alikuwa anakohoa tangu sikukuu ya Mtakatifu Dumitru, baridi inapoanza. Mimi nilimwacha Alhamisi nikaingia barabarani, na nisiwafiche, sikutaka kumwacha. Akanifukuza: "Nenda, kikohozi si kidonda." Jumapili niko Bolonya kwenye maegesho napanga mizigo, saa tano, simu inalia. Agafia, jirani yetu, mama mmoja mnene anayejua kila kitu.

"Nistor, hali chakula tangu juzi. Na leo asubuhi ameomba nimuogeshe nimvishe shumizi safi. Hiyo maana yake unaijua."

Naijua. Kila mtu kwetu anaijua.

Jumapili ndiyo siku yao ya kupumzika, mama zetu wanaotunza wazee wa Kitaliano. Maegesho yanajaa kama sherehe. Wanakuja na maboksi, wanakaanga maneno, wanakula mbegu za alizeti, maganda yote chini ya gari langu. Mama yangu naye akatokea na boksi lake la sabuni ya kumtumia bibi.

"Panda," nikamwambia.

"Nipande wapi?"

"Garini. Bibi ameomba shumizi safi."

Akalikalia lile boksi la sabuni. Nikadhani atazimia. Mara akatoa simu, akaanza kugusa gusa na kidole, na mimi nikajua, damu ikanipanda kabla hajafungua mdomo.

"Kesho saa nane mchana kuna ndege," akasema. "Saa kumi na moja na dakika tano za nyumbani niko Kishinau."

"Na mimi naondoka saa saba hii, kesho jioni niko getini! Panda tu!"

"Na sinyora nimwache peke yake kitandani? Rafiki yangu Lilia anaweza kuja kunishikia kazi kesho asubuhi, siyo leo."

"Sinyora ana watoto watatu."

"Wana kazi."

"Jumapili?"

"Nistor, usinipandishie sauti mbele za watu." Akasimama, akanitengeneza kola kama vile niko darasa la pili. "Sikiliza. Wewe utafika jioni, mimi nitafika jioni. Tutaingia getini pamoja, ila mimi na miguu yangu mizima. Ni hesabu tu."

Hapo kwaya ikaitikia. "Mwache mama yako asafiri kama binadamu!" "Kwenye kibasi chako mtu anashuka amekunjika kama kisu cha mfukoni!" Na yule mama wa Orhei, mdomo umejaa mbegu, akaja mpaka puani kwangu na simu yake: "Ona, kijana, ona mwenyewe, wameandika hapa. Masaa mawili na dakika ta..."

Nikaufungua mlango wa nyuma, nikatoa mtungi wake mkubwa wa nyanya za achari uliotoka nyumbani, nikautupa. Ukapasuka. Maji ya achari yakatiririka kwenye viatu vya watu.

"Huyu ana kichaa," mama wa Orhei akasema, kwa sauti ndogo.

"Ana bibi anayekufa," mama yangu akasema. "Nitakulipa nyanya zako."

Akanivuta nyuma ya gari.

"Basi nipe mshumaa," nikamwambia. "Nitangulie nao."

"Sikupi."

"Kwa nini?"

"Nikikupa, nimekubali kwamba sitawahi."

"Na usipowahi?"

"Nitakosaje kuwahi, Nistor, wakati ni masaa mawi..."

"Usiseme!"

Kisha akafungua mkoba, akafungua kitambaa. Mshumaa wa nta ya nyuki, wa njano, mwembamba, unanuka kanisa. Akauvunjia gotini. Nta ikakatika, utambi ukakataa. Akauvuta, wapi. Mwishowe akautia mdomoni akaukata kwa meno, kama anakata uzi wa kushonea. Kipande cha juu, chenye utambi ulioungua Pasaka, akakirudisha mkobani. Cha chini akanipa.

"Hiki ni cha akiba, umenisikia? Usikiwashe. Nisubirini."

Nikaondoka.

Tunaendesha wawili, mimi na Ilarion, mmoja akilala mwingine anashika usukani. Safari ile mimi sikulala. Ilarion ananiambia lala, nalala jicho wazi, naangalia kile kipande cha mshumaa nilichokichomeka juu ya kioo kwenye sanamu ya Mtakatifu Nikolai. Slovenia. Hungaria, ile tambarare isiyoisha, unaendesha masaa mawili na mnara ule ule wa maji bado uko kulia. Mpaka wa Romania, foleni, askari anafungua boksi moja baada ya jingine, ananusa kahawa. Nikamwambia kuna mtu anakufa. Akaniambia kila gari linalopita hapa lina mtu anayekufa. Milima, mvua, lori limeziba njia. Abiria wangu sita hakuna aliyeomba tusimame kujisaidia zaidi ya mara mbili. Walijua.

Jumatatu saa tisa za kwetu, ujumbe wa mama ukaingia: "Nimekaa. Dirishani."

Ilarion akacheka. "Mama yako atatushinda."

"Atushinde," nikasema. Na Mungu ni shahidi, niliombea anishinde.

Saa kumi na moja tukavuka daraja la mto Prut, tukaingia Moldova, na hapo daraja lilipoishia ndipo ukungu ulipoanza. Sijawahi kuona vile. Taa za gari zinagonga ukuta mweupe zinarudi machoni. Nikafungua dirisha nikaangalia juu. Hakukuwa na juu.

Ilarion hakucheka tena. Gari ndani ya ukungu linatambaa, tairi moja ukingoni, polepole, linafika. Ndege haitambai.

Saa kumi na mbili na nusu nikashuka getini kwetu. Ilarion akaendelea na abiria.

Ndani, jiko la tofali lilikuwa la moto, Agafia anasokota mikono kwenye aproni. Bibi kitandani chini ya zulia lililotundikwa ukutani, mdogo kama mtoto, shumizi nyeupe. Macho nayo yalikuwa yameingia ukungu.

"Nani huyo?"

"Mimi, bibi."

"Unanuka dizeli." Akapumua kidogo. "Tudora yuko wapi?"

"Yuko hewani."

"Bado yuko hewani?"

Saa moja na nusu simu ikalia. Mama. Nyuma yake makelele, watoto wanalia, mtu anagomba.

"Nistor, tuko Bukareshti. Ametuleta Bukareshti!"

"Nilijua."

"Tulizunguka juu ya Kishinau mara nne. Rubani alitangaza mwenyewe: tuko juu ya Kishinau. Nilikuwa juu yenu, Nistor! Hapo hapo juu! Kisha akageuza." Sauti ikamkatika. "Wanasema watatuletea basi. Umewasha?"

"Sijawasha."

"Usiwashe!"

Bibi alikuwa anasikiliza. "Anafanya nini Bukareshti?"

"Ukungu, bibi. Ndege imeshindwa kutua."

"Mhh." Akageuza uso ukutani. "Alikwenda na kiatu kimoja akafika. Leo ana viwili."

Baadaye kifua kikaanza kukoroma. Agafia akanipiga begani. "Washa."

"Amesema nisiwashe."

"Washa, we mpumbavu, ataondoka gizani kwa ajili ya ubishi wenu!"

Nikawasha. Nikauweka kwenye mkono wa bibi, mkono wangu juu ya wake. Jicho moja likafunguka, likaangalia mwali.

"Mfupi."

"Ni nusu, bibi. Nusu nyingine anayo yeye."

"Mmeuvunja?"

"Ndiyo."

"Washenzi." Akapumua. "Zima."

"Bibi..."

"Zima, nakwambia. Nitamsubiri. Na hicho kikiwaka hakitoshi kusubiria."

Nikazima. Sitawaeleza usiku wote ule. Niliwasha mara tatu, akaniamuru kuzima mara tatu, na kila nikizima kimepungua kidole. Na simu kila mara: basi limekuja, halafu basi limeharibika taa, halafu tumesimama, halafu tumefika mpakani lakini foleni, Nistor, foleni haina mwisho. Alfajiri Ilarion akarudisha gari. Kutoka kwetu mpaka pale mpakani ni kilomita sitini. Nikachukua funguo, nikavaa koti. Agafia akasimama mlangoni, mlango wote ukajaa.

"Ukitoka wewe, huyu ashikwe na nani? Na mimi? Mimi ni damu yake?"

Na bibi, tulidhani hasikii: "Kaa, Nistor. Mmoja akiwa njiani inatosha."

Nikamtupia Ilarion funguo. Akaenda yeye.

Saa tatu ukungu ukaondoka. Hivyo tu, kama mtu amevuta shuka. Jua likaingia dirishani mpaka kwenye zulia, ukaonekana mti wa jozi uani, na anga bluu tupu, hata ndege ya karatasi ingetua. Nilitaka kutoka nje niitukane ile anga.

"Yuko wapi sasa?" bibi akauliza.

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Nimemwona Ilarion. Tunakuja." Ulikuwa wa dakika nne zilizopita. Kilomita sitini, barabara ya mashimo. Mimi ninayewarukia watu kwa sababu ya uongo, nikainama nikamwambia:

"Yuko getini, bibi."

"Basi washa."

Nikawasha. Safari hii hakuniambia nizime. Kilikuwa kimebaki kama kidole gumba. Akapumua, akakaa, akapumua, akakaa, na nta ya moto ikawa inanidondokea mkononi na sikuutoa, alama mpaka leo ninayo. Halafu akakaa tu, hakupumua tena.

Mama aliingia saa nne kasoro robo. Nilisikia breki, nikasikia geti, nikasikia mbio. Aliingia na ile nusu yake ya mshumaa ameishika mkononi tayari, na kiberiti. Akaona shumizi, akaona mikono imeshakunjwa kifuani, akaona kitonge cha nta kwenye sahani.

"Uliwasha?"

"Niliwasha."

Akanipiga kofi. Zito, la mpishi. Agafia akapiga ukelele. Halafu mama akanishika kichwa kile kile alichokipiga, akakibana kifuani kwake, na tukasimama hivyo.

"Aliniulizia?" akasema.

"Alikuulizia."

"Ukamwambiaje?"

"Uko getini."

Akakaa kitandani, akawasha nusu yake, akamshikia mama yake mkono mpaka mshumaa wote ukaisha, na alipochomwa na nta hakutoa mkono na yeye.

Tulimzika siku ya tatu. Siku arobaini mama alikaa nyumbani, sinyora Iole akitunzwa na wale watoto wake watatu, kumbe walikuwa na nafasi. Mama akarudi Italia na mimi, kiti cha mbele, miguu imevimba kama maboga, hakulalamika hata mara moja. Alipofika jikoni kwa sinyora alitoa ile karatasi kwenye friji, nilidhani ataichana. Hakuichana. Aliigeuza, akaandika nyuma kwa kalamu ile ile nyekundu: MLANGO MPAKA GETI, MASAA 23. Akairudisha chini ya samaki. Siku hizi kila baada ya miezi mitatu anakuja nyumbani, hakuna mgonjwa, hakuna sikukuu. Anapalilia kaburi, ananipikia, tunagombana, anarudi. Mwezi uliopita kamletea Agafia viatu vya baridi. Ilikuwa Juni.

Lakini Jumapili iliyopita, pale kwenye maegesho, mama wa Orhei amekuja tena. Nasikia baba yake kule nyumbani haamki kitandani. Nikamuuliza utakwenda lini. Akatoa simu. Akaniona uso, akairudisha mfukoni. Lakini hakupanda. Amebaki Bolonya mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Kwa hiyo na wewe unayesoma, nakwambia waziwazi. Una mtu wako mahali. Unamjua ni nani, jina lake limeshakujia. Usifungue simu kuangalia ni kilomita ngapi. Usiniambie wiki ijayo, usiniambie ni karibu. Inuka, chukua koti, nenda kwake leo. Kama gari la kukupeleka huna, mimi niko pale kila Jumapili, basi jeupe, kioo cha mbele kina ufa, saa saba kamili tunaondoka. Nafasi ipo. Panda.